Redio Niliyoiponda Mwenyewe

Mimi shule nilikomea darasa la tatu, na sioni aibu kuliandika hilo, kwa sababu nyumba nne nilizojenga hapa Dodoma hakuna aliyeniomba cheti. Nilianza kwa kubeba maji ya kufyatulia matofali ya watu. Baadaye nikafyatua ya kwangu. Sasa mgongo umekataa, wanafyatua wengine, na mimi siku zangu nazimalizia kutafuta vitu vya zamani.

Jumamosi usinitafute nyumbani, nipo mnada wa Msalato. Wenzangu wanakwenda kwa ajili ya mbuzi na nyama choma, au kuchambua mitumba. Mimi napita moja kwa moja hadi nyuma kabisa, kule wanakotandika turubai chini na kumwaga vitu vilivyotoka stoo za watu: pasi za mkaa zenye jogoo kwenye komeo, karabai, kufuli za shaba ambazo funguo zake zimeshapotea, vigoda vya miguu mitatu vilivyong'aa kwa kukaliwa. Nakishika kitu nakipima uzito, nakinusa. Vitabu sivijui, lakini mbao najua. Mninga hauwezi kunidanganya, hata ukipakwa rangi ya mlango wa choo.

Mke wangu alinipa chumba kimoja cha uani, akanionya kwamba siku kitu kimojawapo kitakapovuka kizingiti cha sebule, yeye anarudi kwao. Saa ya ukutani imeshavuka, na kinu kimeshavuka, na yeye bado yupo. Wageni wakija ndiye anayewaeleza kinu kilitoka wapi, tena anaongeza chumvi.

Kazi hii ina sheria moja, nayo nilifundishwa na mtani wangu. Mtani wangu ni Mnyamwezi, fundi baiskeli, mtu wa umri wangu. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na yeye hajawahi kuacha siku ipite bila kunikumbusha kwamba babu zangu walimuuzia babu yake maji ya kunywa alipopita hapa na mizigo kichwani. Nami humwambia maji yalikuwa ya kulipia, anayetaka ya bure angebaki kwao Tabora. Basi, sheria yenyewe ni hii: kitu unachokitaka, unakiponda. Usikisifu hata kwa macho. Kwanza shika kitu cha jirani yake. Halafu kile chenyewe kiguse kwa ncha ya kidole, uguna, uulize hiki nacho ni nini. Sema kimeliwa na dumuzi. Ondoka. Mtani anapita nyuma yako kama mtu asiyekufahamu, naye anakiponda upya. Ukirudi mara ya pili, muuzaji mwenyewe ameshaanza kukichukia.

Tumefanya hivyo miaka mingi, na sikuwahi kuona ubaya wake. Mwenye mali naye anasifia kupita kiasi, kwa hiyo tunakutana katikati.

Mwaka jana, mwishoni mwa kiangazi, mtani alinikuta pale Msalato akaniambia kuna mama mjane karibu na reli anauza vitu vya ndani, anahamia Kondoa kwa ndugu zake. Akataja kabati, mashine ya kushonea, na redio ya mbao yenye jicho la kijani. Nikamuuliza mumewe alikuwa nani. Akasema alikuwa mtu wa ishara za treni pale stesheni, wa zamani sana, alihamishwa kisha akarudi kustaafia hapa.

Nikaketi juu ya gunia la watu. Redio ile nilikuwa naijua.

Nilipokuwa kijana mfyatua matofali, nililala kwenye kibanda cha udongo upande wa pili wa nyumba za reli. Redio hatukuwa nayo. Lakini yule mtu wa ishara alikuwa nayo, na jioni alifungua dirisha lake akaigeuza uso kuelekea nje, ili sisi vibarua tusimame uani kwake tusikilize. Ilikuwa kubwa kama sanduku la nguo, na kitambaa cha rangi ya dhahabu mbele, na kijicho cha kijani kilichokuwa kinafumba na kufumbua akiitafuta stesheni. Tulisikiliza mpira, taarifa ya habari, na matangazo ya vifo. Siku moja, katika matangazo hayo, nikasikia jina langu. Mtangazaji alisema popote nilipo nirudi Bahi upesi, baba yangu amefariki.

Nilisimama pale kama kigogo. Mtu wa ishara akatoka nje akauliza ni nani kati yetu ametajwa. Nikanyoosha mkono, kama mtoto wa darasa la tatu. Alfajiri akanipandisha treni ya mizigo, akaongea na dereva, nikashuka Bahi kabla jua halijawa kali. Nilimkuta baba yangu hajafukiwa. Udongo wa kwanza nilitupa mimi.

Yule mtu sikuwahi kumshukuru. Niliporudi mjini alikuwa amehamishwa, sikujua kwamba baadaye alirudi, na mimi nikashikwa na maisha. Ndiyo maana niliitaka redio ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona juu ya turubai. Mtani sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba kesho yake twende, tena mapema.

Tuliwakuta wametandika mikeka uani. Mama yule ni mkubwa kwangu kidogo, mwembamba, kajitanda mtandio mweupe, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Binti yake, mtu mzima mwenye wajukuu, ndiye aliyekuwa anataja bei. Nikatoa shikamoo yangu, nikaitikiwa vizuri. Redio ilikuwa juu ya kabati, imefutwa vumbi, na ule upande wa kushoto bado ulikuwa na mkwaruzo ninaoukumbuka. Moyo ulinidunda mpaka nikaona haya.

Nanyi mnajua nilifanya nini. Mkono una mazoea yake. Nilishika mashine ya kushonea kwanza, nikaizungusha, nikaiacha. Nikaigusa redio kwa ncha ya kidole.

Nikaguna, nikauliza, "Na hili boksi?"

Binti akajibu kwamba ni redio ya marehemu baba. Nikasema siku hizi redio ipo ndani ya simu. Nikagonga ubavu wake, nikasema mbao zimeoza, hapa panya wameshazaa na kuzikana. Nikasema labda mtu mwenye kuku wa mayai angeichukua. Nikasogea kwenye kabati. Mtani akaja nyuma yangu, akaitazama, akasema hata kuku wa kwake wasingekubali, wana heshima zao.

Watu wawili watatu waliokuwa uani wakacheka. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nahesabu moyoni muda wa kurudi mara ya pili, na sikumwona mama yule usoni. Nilisikia sauti yake tu, haikuwa ya hasira. Alikuwa anaongea na bintiye.

"Kumbe," alisema. "Mimi nilidhani ni kitu. Miaka yote hii nafuta vumbi la takataka."

Binti akamwambia asiwasikilize wanunuzi, ndiyo zao. Mama akakataa. Akasema wazee hawa wanajua vitu, wametembea. Akasema marehemu alikuwa anaipenda tu kwa sababu hakuwa na kingine. Kisha akanigeukia mimi, kwa adabu kabisa, akaniambia, "Mzee, kama una kuku ichukue tu. Usilipe. Utakuwa umenipunguzia mzigo, maana nilikuwa nataka kuipeleka jikoni iwe kuni."

Hakuna aliyewahi kushinda mnada kama nilivyoshinda mimi asubuhi ile. Mtani akanigusa kiwiko, akaninong'oneza, "Haya beba. Leo mpagazi ni wewe." Nikaiinua. Ilikuwa nzito, nzito vilevile kama nilivyodhani ningeikuta, na kile kitambaa cha dhahabu kikawa karibu na uso wangu. Nikaona jinsi mama yule alivyokwishaacha kuitazama. Alikuwa anatazama mikono yake.

Nikairudisha juu ya kabati.

Mimi si mtu wa kuomba radhi. Mke wangu atakwambia. Nikikosea nyumbani nanunua nyama, yanaisha. Lakini pale nyama isingefaa kitu. Nikavua kofia.

Nikamwambia, "Mama, nimesema uongo. Hii redio haina panya. Hii redio ilinitaja jina."

Binti akadhani nimechanganyikiwa. Mtani naye akanitazama kama mtu aliyeona baiskeli inajibu salamu. Nikaeleza yote, nimesimama mbele ya watu waliokuwa wanacheka muda si mrefu: kibanda, dirisha, jina langu kutajwa hewani, mkono wangu juu, treni ya mizigo, udongo. Nikaeleza na ile sheria yetu ya kuponda, maana nisingeieleza asingejua kwa nini nilisema vile. Mahali fulani nilikohoa, nikasingizia vumbi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nategemea atasema, ah, kumbe ni wewe yule kijana wa Bahi. Mtu ukijieleza kiasi kile unategemea kukumbukwa.

"Walikuwa wengi, mzee," akasema. "Sikumbuki yupi ni yupi."

Nakiri niliumia kidogo. Kisha akaniambia nisilolijua. Kila jioni matangazo ya vifo yakianza, mumewe alikuwa anakaa na penseli na karatasi ya ratiba ya treni, anaandika nyuma yake majina ya watu walioitwa na vijiji vyao. Waliokuwepo uani wakinyoosha mkono, vizuri. Ambao hawakuwepo, kesho yake aliwatafuta, kwenye matofali, sokoni, kwa wachota maji, anauliza nani ni mtu wa Manyoni, nani ni mtu wa Kilosa. Chakula kikipoa yeye mama analalamika, na mumewe anamjibu kwamba aliyekufa hangojewi, lakini anayezika angojewe. Dirisha lile, akasema, halikufunguliwa kwa ajili ya mpira. Mpira ulikuwa wa kuwavuta tu watu wakae.

Mtani alikuwa ameshika tairi la baiskeli ya mtu mwingine bila sababu.

Ndipo nikataja bei. Bei ya kweli, tena nikaipandisha mwenyewe kabla hajajibu, halafu nikaipandisha tena. Mtani alipata nguvu ya kucheka, akamwambia binti akubali haraka, kwa sababu Mgogo akipandisha bei dhidi yake mwenyewe ni dalili ya homa, na homa hupoa.

Mama akainuka kwenye kiti cha plastiki. Akaenda akaweka kiganja juu ya redio, pale kwenye mkwaruzo.

"Umechelewa," akaniambia, na sasa alikuwa anatabasamu. "Ungeisema vizuri tangu ulipoingia, ningekuuzia. Sasa umeshanieleza ilivyo, nitaiuzaje?"

Binti akaanza kulalamika kuhusu basi la Kondoa, kwamba mizigo imeshajaa, mashine ya kushonea yenyewe haijapata pa kukaa. Mama akasema mashine iuzwe. Redio itakaa mapajani pake, na konda akitaka nauli yake, italipiwa kama abiria. Binti akatutazama sisi wazee wawili kwa jicho ambalo nalifahamu, kwa kuwa mke wangu analo.

Maneno yangu ya uongo yaliniletea redio bure, maneno yangu ya kweli yakaninyang'anya, na yote mawili niliyafanya kwa mdomo huuhuu ndani ya saa moja. Mtani alileta vipande vya mipira ya ndani kutoka kwenye baiskeli yake, tukaizungushia redio blanketi, tukaikaza vizuri, mimi nikishika pembe na yeye akifunga. Alifunga kwa uangalifu kuliko anavyofunga mizigo ya wateja wake.

Tulipomaliza, mama akatuzuia tusiondoke bila chai. Tukakaa kwenye mkeka mahali kabati lilipokuwa, maana lilikuwa limeshapata mtu. Alinimiminia mimi kwanza. Akauliza kama Bahi mwaka huu mpunga umekubali, nikasema umekubali kiasi. Kisha akasema Ijumaa akifika Kondoa atawaombea dua wafu wake, na angependa wangu awemo. Akaniuliza baba yangu aliitwa nani.

Nikamtajia.