Kura ya Wafungasha Mikate wa Neasden

Nilikwenda Landani kujifunza mashine ya kukatia tiketi. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye ruhusa yangu, na mashine yenyewe nilijifunza, ingawa mpaka leo hapa Tabora hatujaiona. Lakini nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikuona haja ya kuwaambia wakubwa wa reli. Nilitaka kumwona Ramnik.

Ramnik alikuwa karani mkuu wa tiketi katika stesheni yetu miaka yote niliyokuwa karani mdogo. Enzi zile hata vyama vya wafanyakazi vilikuwa na rangi: Wahindi wa reli na chama chao, sisi na chetu, ofisi mbili zikitazamana. Sisi tukigoma, wao wanakata tiketi. Tulitaniana sana kwa hilo, utani wenye mwiba ndani yake. Baadaye nyakati zikageuka, nafasi yake nikapewa mimi, naye na familia yake wakahamia Uingereza. Siku ya kunikabidhi funguo za ofisi hakusema neno baya hata moja. Ukimya ule ulinikaa rohoni kuliko matusi.

Tabora hadi Dar es Salaam nilikwenda kwa treni, kama inavyonipasa. Ndege sina la kuisimulia, maana nilifumba macho karibu safari nzima.

Landani, asubuhi ya ukungu, Ramnik alikuwa akinisubiri uwanjani pamoja na mwanawe Kirit. Alikuwa amepungua, na koti lake lilimpwaya. Tukashikana mikono muda mrefu.

"Kapera, umenenepa," akasema. "Kiti changu kimekupenda."

Nikacheka. Yeye hakucheka sana.

Njiani kuelekea mtaa wao wa Neasden, Kirit alinieleza kwamba yeye ni kondakta wa basi. Nami nina ugonjwa wangu: tangu nilipochaguliwa mwenyekiti wa tawi letu la chama cha wafanyakazi siwezi kukutana na mfanyakazi bila kumuuliza kama yuko chamani. Kirit akasema gereji yao nzima wamo, dereva, kondakta, mpaka fundi wa matairi. Wiki ile niliwauliza wengi. Muuguzi kutoka Moshi, mpangaji wa nyumba ya pili, alikuwemo. Mgoa mmoja aliyepiga chapa katika ofisi ya bima hakuwemo, na akaniambia watu wa ofisini hawana haja hiyo, kana kwamba nimemuuliza kama ana chawa. Kina mama walioshona nguo majumbani mwao, cherehani dirishani, hata hawakujua wangemwendea nani. Nilidhani Landani kila mtu ana chama. Kumbe inategemea umeingilia mlango gani.

Nyumbani kwa Ramnik nilipokewa na Hansa, mke wa Kirit, binti aliyezaliwa Kigoma. Akaniamkia shikamoo kama hajawahi kuondoka, ncha ya sari ikiwa imefunika kichwa kwa sababu baba mkwe wake alikuwepo. Tulikula chapati na mchuzi wa mbaazi. Hansa alifanya kazi ya kufungasha katika kiwanda cha mikate kilichokuwa mtaa wa tatu, na Ramnik, aliyekuwa akisimamia makarani wa stesheni nzima, aliosha masinia ya mikate hapo hapo. Alinieleza hivyo mwenyewe, akitazama sahani.

Kiwandani mambo yalikuwa hivi. Waokaji, Waingereza na Waayalandi, walikuwa na chama tangu zamani. Madereva wa magari ya mikate walikuwa na chama kingine. Wafungashaji, waosha masinia na wafagiaji, karibu wote Wahindi waliotoka kwetu, hawakuwa na chochote. Mashine za waokaji zilikuwa na kinga ya chuma ya kuzuia mikono. Mashine ya kukatia mikate, ambayo wanawake ndio waliosimama mbele yake, haikuwa nayo. Mwezi mmoja kabla sijafika ilimkata vidole mfungashaji mmoja aliyefanya kazi pamoja na Hansa, akarudishwa nyumbani, na kazi yake ikaishia hapo. Aliyepangwa kusimama mahali pake ni Hansa.

Alhamisi, baada ya shifti, kulikuwa na mkutano kantini. Kiongozi wa waokaji, Bwana Tom, jitu jema lenye mikono myekundu, aliposikia mimi ni mtu wa chama kutoka Afrika alinipa kiti pembeni. Akaeleza kwamba wasio na chama wakikubali kwa wingi, chama cha waokaji kitawapokea wote. Wazee walikuwa wamekaa mbele, wanawake nyuma. Akaomba wanaotaka wanyooshe mikono. Ikanyooka michache ya kusikitisha. Hansa alikuwa akitazama mapaja yake.

"Hawataki," Bwana Tom akaninong'oneza, amekata tamaa kabisa. Hata hivyo alisema atajaribu tena Alhamisi inayofuata, mara ya mwisho.

Jioni ile nilimfuata Hansa jikoni.

"Mjomba, nitanyooshaje mkono, baba ananitazama?" akasema kwa sauti ya chini. "Yeye chama hakitaki; nikinyoosha nimempinga mbele za watu. Na wenzangu ni hivyo hivyo. Huyu baba mkwe wake yupo, yule mjomba wa mumewe. Kiwanda kizima ni wakwe."

"Na mashine je?"

"Naiogopa. Naiota."

Nilimuuliza Bwana Tom kama kura ya siri haiwezekani. Akasema tawi lao halijawahi, mkono juu ndiyo desturi yao, ili meneja asije akadai kura imepikwa. Na mimi ningemlaumu vipi? Hapa kwetu ni vivyo hivyo.

Jumapili tulitembea na Ramnik hadi bwawani, nyuma ya nyumba za Neasden. Bata walikuwa wengi na baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nikamwambia kwamba Hansa hanyooshi mkono kwa kumheshimu yeye, si kwa kukubaliana naye.

"Kapera, mimi nimeshafunga mizigo mara moja," akajibu. "Hapa tu wageni. Wakitufukuza na hapa, twende wapi tena? Na nani kakwambia habari za mkwe wangu?"

"Mwenyewe."

Akasimama. Sijawahi kumwona vile.

"Unalala kwangu, unakula kwangu, halafu unapanga njama jikoni! Kazi yangu uliichukua. Kiti changu ukakikalia. Sasa unataka na nyumba yangu uiendeshe wewe?"

Basi, hatimaye alikuwa amelisema. Liliniuma, sitaficha. Na papo hapo nikahisi nimetuliwa mzigo. Nikamwambia kazi yake nilipewa, sikuiomba, lakini niliipenda, na kwamba nikimfikiria yeye akiosha masinia sipati usingizi. Akageuka, akashika njia ya nyumbani. Tulipofika akanishikia mlango niingie kwanza.

Alhamisi ya pili kantini ilijaa. Bwana Tom akasema yale yale, akawa tayari kuita mikono. Ramnik akainuka. Nilidhani anatoka nje. Akashika mgongo wa kiti chake, akakigeuza, akakaa akiutazama ukuta.

"Wazee wenzangu," akasema kwa Kiswahili, maana mle mlikuwa na Singasinga na Wagoa pia, na lugha ya kuwafikia wote ilikuwa hiyo, "tugeuke. Watoto wapate nafasi."

Singasinga mmoja mzee akaguna. Akageuza chake. Mwingine akafuata, kisha kantini nzima ikajaa sauti ya viti kukwaruza sakafu. Bwana Tom alinitazama, nikampa ishara aendelee.

Akaita. Nikasikia bangili kabla sijaona mikono. Zilishuka kutoka vifundo vya mikono hadi viwikoni, safu nzima ya nyuma. Mkono wa Hansa ulitangulia.

"Ameinua?" Ramnik akaniuliza, macho ukutani.

"Geuka uone."

"Sigeuki."

 Kisha naye, aliyekuwa mwosha masinia asiye na chama kama wao, akanyoosha mkono wake juu, pale pale, akiuonyesha ukuta.

Kabla sijaondoka, wote walipokewa chamani, na mashine ya kukatia mikate ikafungiwa kinga. Meneja alinuna, lakini kwa waokaji na wafungashaji kusimama pamoja hakuwa na la kufanya. Kwenye uwanja wa ndege Ramnik alinikumbatia, akaniambia nikitunze kiti. Safari hii alicheka kweli.

Tabora walinisubiri niwasimulie treni za chini ya ardhi. Niliwasimulia. Kisha mkutano wa kwanza wa tawi ukaja, na mimi mwenyekiti nilikuwa na hoja: kina mama wafagiao mabehewa waanze kazi kabla ya alfajiri. Hoja zangu hupita. Tangu nichaguliwe hazijawahi kushindwa, na wafagiaji hawajawahi kunyoosha mkono kuzipinga. Nilikuwa nikijisifu kwamba wananipenda.

Nikawaomba makarani na wasimamizi wote tugeuze viti. Wakanicheka, wakasema Uzungu umenipanda kichwani. Tukageuza, katibu akaita mikono ya kukubali na ya kupinga.

 Nikamsikia akikohoa.

"Mwenyekiti, hoja imeanguka."

Nikamwambia ahesabu tena. Akahesabu. Safari hii mikono iliyonyooka kunipinga ilikuwa mingi zaidi.