Mikono ya Kipaimara

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na mitano, na katika picha zake zote za mtandaoni hakuwa na mikono. Aliificha mgongoni, mfukoni, nyuma ya daftari. Kwetu Chonyonyo, msichana anayemenya ndizi kila siku hubaki na vidole vyeusi kwa utomvu, na mwaka uliopita mwenzake wa darasani aliandika chini ya picha yake: "Mikono ya fundi gereji." Tangu hapo alikuwa akipiga picha thelathini ili aweke moja.

Kipaimara chake kilipokaribia, aliacha kumenya wiki mbili nzima. Alisugua vidole kwa limau mpaka vikatakata. Alitaka picha moja tu: gauni jeupe, na mikono safi iliyoshika cheti. Mama alimwelewa, akawa anamenya peke yake.

Jumamosi, kesho yake ndiyo ibada, ukatokea msiba kilima cha pili. Wanawake waliokuja kutusaidia wakaondoka kwenda huko, kama inavyopasa. Wakabaki mama, shangazi na mikungu saba ya ndizi za wageni. Mdogo wangu alizungukazunguka uani, kisha akatokea na soksi za baba mikononi.

"Daktari," shangazi akamwambia, "mgonjwa yuko wapi?"

"Cheka tu, shangazi."

Utomvu ukapenya soksi. Kisu kikateleza mara mbili. Nilimwona akimtazama mama, aliyeegemeza ukutani mgongo unaomuuma huku akimenya bila kupumzika. Akavua soksi. Sijawahi kuona mtu akimenya vile, haraka na kwa utulivu, kila ganda likitoka kwa mkato mmoja mrefu. Kufikia jioni mikungu minne ilikuwa kazi yake.

Jumapili, baada ya ibada, nilimpiga picha nje ya kanisa. Kwa kumhurumia, nikaishia kifuani. Akaitazama.

"Kaka, mikono iko wapi?"

"Nimeikata."

"Rudia."

Akashika cheti mbele yake, vidole vyeusi juu ya karatasi nyeupe. Nilipiga mara moja tu. Akaiweka mtandaoni palepale, bila kuing'arisha, ingawa kidole gumba kilisita juu ya kioo kwa muda. Nyumbani, sahani zilipoanza kupita, akanipa simu na kwenda kuketi mkekani karibu na mama.

"Wakiandika kitu," akasema, "usinisomee mpaka nishibe."