Kuna Mwenzetu Huko?

Enzi zetu, mtoto wa Rufiji alikuwa na nyumba mbili, na wala si kwa utajiri. Moja ilikuwa kijijini kwetu Mahege. Ya pili ilikuwa dungu, kibanda kilichosimama juu ya nguzo bondeni, katikati ya mpunga, unakipanda kwa ngazi. Mpunga ukianza kutoa masuke, Bibi mzaa mama alitukusanya wajukuu tukahamia huko kuamia ndege.

Kutwa tulipiga madebe na kelele na kurusha mawe kwa makombeo mpaka sauti zikakauka. Vijana wa leo wakishangilia mpira kidogo tu wanataka maji ya chupa. Sisi tulingoja pepeta, mpunga mchanga uliokaangwa ukatwangwa bapa, tukautafuna ungali moto. Harufu yake naisikia hata ninapoandika.

Magharibi ikiingia, ngazi ilivutwa juu, viboko wa mtoni wasije wakaivunja. Lakini Bibi hakuivuta kabla ya kusimama ukingoni na kuita, "Kuna mwenzetu huko?" Kisha alinyamaza, akasikiliza. Tulicheka ndani ya shuka, maana walioitika walikuwa vyura. Siku moja nikamwambia avute tu, hakuna mtu.

"Subiri kidogo, mjukuu wangu," alisema. "Mama yangu aliitika."

Ndipo akatusimulia. Wakati wa Vita vya Maji Maji mama yake alikuwa mtoto mdogo. Kijiji chao kilipochomwa, shangazi yake alikimbia naye mgongoni, giza likawakuta bondeni. Watu wasiowajua wakaita kutoka dunguni. Shangazi aliogopa, akanyamaza. Wenye dungu wakasubiri kidogo. Mtoto ndiye aliyeitika, na ngazi ikashushwa. Hawakuulizwa wametoka wapi, walipewa wali. Ukoo wetu wote ulipanda ngazi ile, na nikiwaza hivyo moyo unanijaa.

Leo nimepanga ghorofa ya tatu Dar es Salaam, jirani na stesheni ya treni ya mjini. Ni dungu tosha, ila la zege. Majirani nawajua kwa viatu vyao mlangoni, na watoto wao hawajui kupiga hodi, wanatuma ujumbe: "nipo nje". Baba alipofariki nilimleta Mama akae nami, maana kumwacha peke yake kulininyima raha. Nilimwonyesha maji ya bomba, kitanda, treni. Alisifu vyote. Jioni mlinzi alipofunga geti kwa mnyororo, Mama aliinama kibarazani akamuuliza, "Baba, umewauliza walio nje?"

Mlinzi akacheka kwa adabu. "Wa nje wana simu, Mama."

Alijitahidi siku chache, kisha akaomba nimrudishe. "Nyumba yako nzuri, mwanangu. Ila nitalalaje mahali ngazi inavutwa bila kuuliza?" Nilimsindikiza kwenye basi la Kibiti, la kurudi kwetu, nikilia, na sioni haya kusema.

Siku hizi treni ya jioni ikishusha watu, natoka kibarazani kabla geti halijafungwa na kuita kama Bibi. Mwanzoni niliita kwa sauti ndogo, sasa naita kweli. Vijana wamejiziba masikio kwa miziki yao. Anayeinua kichwa anadhani nauza vitumbua.

Jana Mama alinipigia simu.

"Umeuliza?"

"Nimeuliza, Mama."

"Umeitikiwa?"

"Bado."

"Basi subiri kidogo."