Paipu ya Kupumulia

Nikisikia harufu ya oili iliyoungua, kama leo gari la jirani lilipopita likifuka moshi, mimi hutabasamu kwanza.

Mama alifulia watu nguo, na kamba yake ya kuanikia ilipita kando ya gereji ya anko, huko mtaani Laini Saba. Siku moja mwenye gari jekundu la zamani, la viti viwili, alikuja kulalamika kwamba linamwaga oili. Alifungua boneti, akaingia ndani, akawasha injini na kukanyaga pedali ya mafuta kwa fujo ili anko ajionee. Oili iliruka na moshi, ikatapakaa kwenye mashuka meupe.

Mama alipiga kelele. Yule mtu akacheka. "Ni oili tu, mathe. Si utafua tena?"

Madoa yalikataa kutoka. Wenye mashuka hawakumwita mama tena.

Anko alinieleza kwamba injini hupumua, na paipu ya kupumulia ya gari hili ilikuwa imeziba. Aliizibua kwa waya na mafuta taa. "Lakini moshi wake wenye oili lazima utokee mahali," alisema.

Mama alichuchumaa karibu naye. "Muwekee paipu ndefu. Iishie nyuma ya kiti chake."

Anko alimwangalia, kisha akaenda kutafuta paipu.

Wiki haikuisha kabla ya mwenye gari kurudi akifoka, suti yake ya rangi ya maziwa imekuwa nyeusi mgongo mzima. Mafundi wote waliacha kazi wakatazama.

Mama hakuinua kichwa kutoka kwenye beseni.

"Ni oili tu, baba," alisema. "Vua hapo, nikufulie."