Bomba la Moshi Alilonunua Habarurema

Habarurema aliendesha Hiace ya Muzee Mulumeoderhwa miaka tisa, Goma hadi Kibumba na kurudi, akibeba akina mama wauza kabichi na magunia yao. Siku moja bomba la moshi liligonga jiwe la volkeno, likapasuka chini ya kiti cha nyuma.

“Muzee, moshi inaingia ndani,” alimwambia tajiri wake. “Watu wanaumwa kichwa.”

“Funga na waya. Wao wafungue madirisha.”

Akafunga: bati la kopo la mafuta, waya juu yake. Baada ya safari tatu ukalegea. Akaomba tena bomba jipya, akaambiwa yale yale. Miezi miwili ikapita hivyo.

Jumanne moja mvua iliwashika tangu Kibumba, abiria wakafunga vioo vyote. Nyuma kabisa alikaa Mama Angèle, mjane aliyezoea kusinzia njiani. Walipofika Munigi wenzake walimtikisa ashuke. Hakuamka. Habarurema alimbeba mgongoni, matope hadi magotini, akampeleka kituo cha afya.

Hakufa. Lakini mama yule, aliyekuwa hadanganyiki sokoni, sasa humuuliza binti yake mara tano kwa siku kama kumekucha, na mikono yake haiwezi kufunga kitenge.

Kesho yake Habarurema aliuza mbuzi wake wawili, akanunua bomba. Yeye na fundi Cirimwami walilala chali juu ya mawe meusi, wakalikata lile bovu, masizi yakiwaangukia machoni.

“Na patron, mwenye gari, anajua?” fundi aliuliza.

“Shika huko, tufunge.”

Mulumeoderhwa alipofika asubuhi, aliwasha gari, akasikiliza, akatabasamu. Kisha akachomoa funguo na kuzitia mfukoni.

“Nimepata dereva mwingine, Achille, ndiye ataendesha. Wewe, watu wanakuogopa. Wanasema unaua mama zao.”

“Nilikuomba bomba, Muzee. Mara ngapi?”

“Na usukani ulishikwa na nani?”

Habarurema alichukua spana, akaingia chini ya gari. Bomba lilikuwa lake. Alilegeza boliti ya kwanza, akashika ya pili. Juu yake akasikia abiria wakipanda, wakisukumana, na mama mmoja akisema, “Nipisheni nyuma, niko na mutoto.”

Alibaki pale, spana mkononi, akimchukia Mulumeoderhwa kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Halafu akazikaza boliti zote mbili, mpaka zikalia.

Hakuna aliyemuuliza alikuwa anafanya nini.

Siku hizi anapasua mawe ya ujenzi huko Munigi. Hiace inapita kimya, na Mulumeoderhwa huwaambia watu kwamba tangu afukuze dereva mzembe, gari lake limetulia.

Jumapili, baada ya misa, Habarurema humpelekea Mama Angèle viazi. Mama hamtambui, humwita padri, humwomba baraka. Binti yake, Sylvie, anamtambua vizuri. Hupokea viazi mlangoni, na hajamwambia “karibu” hata siku moja.