Mzee wa Bi Nafuu

Katika chumba cha kufulia cha hospitali ile, shuka halikunjwi na mtu mmoja. Wawili hushika pembe, hulikung'uta, kisha hutembea kuelekeana mpaka mikono ikutane na nyuso zikaribiane. Ukinuna, mwenzako anaona. Ukiwa na habari, hapo ndipo pa kuitoa, na Bi Nafuu hakukosa habari hata siku moja.

Jina hilo alipewa na wenzake mwaka ule mashine kubwa za kufulia zilipokufa. Nusu ya wafanyakazi waliambiwa wakapumzike nyumbani, mapumziko ambayo hakuna aliyeyaomba. Waliobaki walirudi kwenye mabeseni, wakifua kwa mikono mashuka ya wodi zote, vidole vikichubuka kwa dawa na mishahara ikija inapojisikia. Uongozi uliwakumbusha kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, jambo rahisi kulisema kama mhunzi si wewe. Ilikuwa kazi ya kumtoa mtu machozi, na wengi yaliwatoka.

Bi Nafuu hakulia. Kila asubuhi alimsalimu kila mmoja, na salamu zikiisha alianza: jamani, sikieni alichosema mzee wangu jana. Mzee ndiye mumewe. Hakuna aliyewahi kumwona, kwa kuwa Bi Nafuu alipanga chumba mbali, upande wa pili wa mji, lakini wote walimjua kuliko waume zao. Mzee aliyetaka kufua soksi akazipika. Mzee aliyesema njaa ni mgeni, usimtandikie kitanda. Mzee aliyemkanda mkewe mikono jioni huku akivisifu vidole vyake kana kwamba ndiyo kwanza amchumbie. Wanawake walicheka, na kazi ikaenda. Hata msimamizi, mwenye uso kama duka lililofungwa, alikuwa akijipitisha mlangoni asikie. Akitaka jambo lipokelewe, la zamu au la sabuni, alimwambia Bi Nafuu kwanza. Yeye akilikubali, chumba kizima kimelikubali.

Aliyezishika hadithi hizo kuliko wote ni mke wa dereva, mdogo wao kwa umri. Mumewe alikuwa amepoteza kazi, akawa mtu wa kulala mchana na kuununia ukuta. Siku moja mke huyo alikuja kazini na mkoba wa nguo, tayari kwenda zake kwa mama yake. Wakikunja shuka, Bi Nafuu alimweleza kwamba mzee wake naye aliwahi kukaa bila kazi, na alisema hivi: mwanamume aliyekosa kazi ni kama shuka lililolowa, ni zito, lakini ni shuka lile lile, lisubiri likauke. Jioni mkoba ulirudi kwa dereva.

Sasa ukweli wenyewe, na niuseme mimi, kwa kuwa Bi Nafuu hakuwa na wa kumwambia. Mzee aliondoka wiki ile ile mashine zilipokufa. Hakugomba, hakuaga. Alichukua redio na viatu vyake vizuri, na mkewe aliporudi kutoka kazini akakuta msumari mtupu pale lilipokuwa likitundikwa koti. Kesho yake alifungua mdomo awaambie wenzake, akaziona zile nyuso. Zilikuwa na msiba wa kuzitosha. Likatoka lile la soksi. Walicheka, naye akaona nafuu kidogo, basi akaendelea. Jioni aliketi peke yake kitandani, akijipaka mafuta mikononi na kutunga atakachosema mzee kesho. Yapo maneno ambayo mtu huyangoja kwa mwingine mpaka akachoka, akajiambia mwenyewe.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilifupishwa na wema. Wenzake waliamua, bila kumuuliza, kwamba mtu aliyewabeba hivyo lazima wakamwone kwake, na huyo mzee naye ashukuriwe. Wakanunua shati. Mpiga pasi akalinyoosha mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Jumapili mlango ukagongwa.

Bi Nafuu alifungua, akawaona. Wakijua alikuwa akidanganya, nani atamsikiliza tena? Na yule aliyerudisha mkoba kwa ajili ya maneno yake? Angeweza kusema mzee katoka kidogo, lakini watu waliovuka mji mzima na shati mkononi hawaondoki upesi. Akawakaribisha. Walibanana kitandani na kwenye kiti kilichokuwepo, wakanywa chai kwa zamu maana vikombe havikutosha. Mke wa dereva, shati mapajani, akauliza shemeji yuko wapi.

"Hayupo," alisema Bi Nafuu. "Ameniacha."

Wakacheka. Mpiga pasi alicheka mpaka akamwaga chai, maana ndivyo alivyowazoesha: yeye akifungua mdomo, wao wanafungua meno. Hakuna upweke kama wa kusema ukweli ukachekewa. Aliwangoja wanyamaze, kisha akarudia polepole, akataja na tangu lini, bila tabasamu. 

"Na lile la shuka lililolowa?" aliuliza mke wa dereva. "Alilisema nani?"

"Mimi."

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Nilikuwa najiambia mwenyewe, mdogo wangu. Wako alikauka. Wangu hakurudi."

Mke wa dereva aliinuka. Aliliweka shati kitandani, wakaaga mmoja mmoja kwa sauti za matangani, na Bi Nafuu akabaki na vikombe. Aliviosha akiamini kwamba amepoteza kitu pekee alichokuwa amebakiwa nacho.

Jumatatu hakutaka kwenda kazini, akaenda. Alisalimu, wakaitikia, salamu zikaisha. Hakuwa tena na mzee wa kumtanguliza. Mke wa dereva akamsogezea pembe za shuka. Wakakung'uta, wakaelekeana.

"Nilimweleza mume wangu," alisema yule mdogo mikono ilipokutana. "Amesema aliyenirudisha nyumbani si mzee, ni wewe. Haya, dada, wewe mwenyewe unaendeleaje?"

Jibu la swali hilo huwa "Vizuri," hata nyumba ikiwa inaungua. Bi Nafuu alikuwa nalo tayari ulimini. Lakini mwenzake alikuwa hajayaondoa macho, na hakuwa ameachia pembe, alikuwa anangoja. Bi Nafuu hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu kumuuliza akangoja.

"Vibaya," alisema.