Siku Nilipompeleka Mama Kula Branchi

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa nimeshaanza kuwa mjinga. Wakati huo nilikuwa karani wa kupiga chapa katika hoteli moja iliyojengwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Nililala bweni la wafanyakazi, nilikula kilichobaki kwa watalii, na kila nilipopata likizo nilirudi nyumbani Buger nikitembea kana kwamba kuta za hoteli ile nilizijenga kwa mikono yangu. Nilikuwa nimeanza kusema "samahani" kabla ya kukohoa. Mama alikuwa akiniangalia, halafu anaendelea kupepeta maharage.

Ilikuwa miaka ya themanini, pale maduka yalipoanza tena kuwa na vitu baada ya ile miaka ya foleni. Nguo zilirudi kabla ya sukari. Arusha ungeweza kupata gauni la kila rangi, lakini kijijini kwetu sukari bado ilikuwa ikiongelewa kwa sauti ya chini, kama habari ya mtu aliyepotea.

Meneja wetu alikuwa Mtanzania aliyesomea kazi za hoteli Ulaya. Aliporudi alirudi na koti la mvua na majira manne ya mwaka. Mwezi wa tano, masika yakiwa yanakatika na wageni wakiwa wachache, aliniita ofisini akanisomea tangazo nilipige chapa. Lilisema kwamba kila Jumapili, kuanzia saa nne mpaka saa saba, kutakuwa na Branchi ya Springi. Nilimuuliza springi ni nini. Akasema ni majira ya maua, wakati theluji inapoyeyuka. Nikapiga chapa. Mpishi mkuu aliposoma aliuliza kama chakula kitaandaliwa kwenye vitanda au chini ya Land Rover, kwa kuwa springi alizokuwa anazijua zilikuwa huko.

Chini ya tangazo palikuwa na aya ya wafanyakazi. Kila mmoja wetu aliruhusiwa kumleta ndugu mmoja, Jumapili moja, ale pamoja na wageni. Tulidhani ni ukarimu. Baadaye niligundua kwamba meneja hakutaka watalii sita wakae peke yao katika ukumbi wa viti themanini. Sharti lilikuwa moja: ndugu avae nguo za heshima.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipopata kazi. Mama yangu alikuwa na khanga, sweta lililoisha viwiko, blanketi la kujifunga mabegani, na katambuga alizozichonga fundi wa Karatu kutoka kwenye tairi la lori. Kwa macho yangu ya wakati ule, hapakuwa na heshima hata moja katika vitu hivyo. Nilipanda gari mpaka Arusha nikamnunulia suti ya kike, rangi ya waridi, koti na sketi, yenye mabega ya sifongo yaliyosimama kama ya askari wa gwaride. Nikaongeza viatu vya mchuchumio na mkoba wa ngozi ya mamba ambaye hakuwahi kuishi popote.

Nilimpelekea Ijumaa. Alilivaa koti juu ya sweta lake, akabonyeza bega moja, likarudi lenyewe.

"Haya mabega ni ya nani?" aliuliza.

"Ni sifongo, mama. Ndiyo mtindo."

"Nimebeba kuni miaka yote hii. Mabega ninayo."

Nilimweleza kwamba sweta itabidi libaki nyumbani, kwa kuwa haliendi na suti. Akauliza linakwenda na nini. Nikasema haliendi na kitu. Akalivua polepole, akalikunja, akaliweka kitandani kwa uangalifu ambao hakuuonyesha kwa suti.

"Na hiyo branchi ni kitu gani?"

"Ni chakula cha kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana."

"Mtu anayekula saa hizo, shambani anakwenda saa ngapi?"

"Hawaendi shambani, mama."

"Basi njaa wanaitoa wapi?"

Nikamfundisha kushika uma.

Jumamosi tuliteremka Karatu tukalala kwa shangazi. Asubuhi pikapu ya hoteli ilikuja kuchukua mboga, na dereva akakubali kutupakia. Nafasi ya mbele ilikuwa moja. Suti ya waridi isingeweza kukaa juu ya kabichi, kwa hiyo mama alikaa mbele na mimi nikakaa nyuma na mboga. Barabara ilikuwa tope jekundu. Kila gurudumu lilipoteleza nilikumbatia gunia la karoti. Kupitia kioo nilimwona mama akiongea na dereva, wote wawili wakicheka, na nilipata wivu kidogo. Nilifika hotelini nikinuka kabichi mpaka kwenye nywele, nimemleta mama yangu aonekane mtu wa maana.

Huko juu ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hoteli ilikuwa imebaki mlango tu. Baridi ya ukingoni haifanani na ya Buger, na suti ile ilikuwa ya kitambaa laini cha nailoni ambacho upepo ulipita bila kubisha. Mama alishuka akasimama juu ya viatu vyake kama ndama wa siku ya kwanza. Nikamshika mkono. Akaniambia nisimvute.

Meneja alikuwa mlangoni, amevaa tai yenye maua kwa ajili ya springi.

"Shikamoo, mama. Karibu sana. Jisikie uko nyumbani."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani kuna moto."

Meneja alicheka, akidhani ni mzaha. Ukumbini palikuwa na sehemu kubwa ya mawe ya kuotea moto, na ndani yake kuni zimepangwa vizuri sana, kavu, hazijaguswa. Zilikuwa za kutazamwa mpaka mwezi wa saba, wageni wengi wanapokuja. Mama alisimama mbele yake kwa muda.

"Kuni nzuri," alimwambia mhudumu aliyekuwa karibu. "Mnamngoja nani?"

Mhudumu yule, kijana wa watu wa Mbulu, aliangalia chini akazuia kicheko. Nikamvuta mama mpaka kwenye meza ya dirishani. Nilikuwa nimeichagua kwa ajili ya mandhari. Mandhari siku hiyo ilikuwa nyeupe tupu.

Chakula kilipangwa kwenye meza ndefu na kila mtu alijipakulia. Nilimwongoza mama kana kwamba ni kipofu: haya mayai ya kuvuruga, hii nyama ya nguruwe iliyokaangwa mpaka ikawa karatasi, hizi soseji, huu mkate wa kuchomwa. Alipofika kwenye maharage alisimama. Yalikuwa maharage ya kopo, yaliyotoka ng'ambo kwa meli, madogo, yanaogelea katika mchuzi mwekundu. Alionja kidogo kwa ncha ya kijiko, akanitazama.

"Wametia sukari."

"Ndivyo wanavyokula, mama."

"Kwenye maharage."

"Ndiyo."

"Gunia zangu nne ziko nyumbani hazijapata mnunuzi," alisema, si kwa hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akajipakulia mayai mengi na kuyaacha maharage ya watu.

Tulipokaa aliona bakuli la sukari. Kila meza ilikuwa na lake, limejaa, na katika meza zile nyingi tupu hakuna aliyeligusa. Alitia vijiko vitano kwenye chai yake. Halafu akafungua ule mkoba wa mamba, akatoa leso safi, akaitandaza mapajani, akaliinua bakuli na kulimimina lote, taratibu, bila kuficha na bila kuonyesha. Akafunga fundo, akalitia mkobani. Mimi nilikuwa nimeinama nikitazama uma wangu na kutamani ukungu uingie ndani.

Yule mhudumu alikuja. Nilijua ameona. Alichukua bakuli tupu, akaenda, akarudi na lingine lililojaa, akaliweka mbele ya mama.

"Karibu, mama," alisema, akaondoka.

Mama akatafuta leso nyingine. Hakuwa nayo. Akaichukua ya kwangu.

Mpaka hapo alikuwa anatetemeka. Midomo ilikuwa imebadilika rangi na kikombe kiligonga meno yake. Nilimwambia anywe chai. Akasema chai inanywewa na tumbo, mgongo haujui habari zake. Ndipo mlango ulipofunguliwa akaingia bibi wa Kizungu, wa umri wa mama au zaidi, aliyekuwa amerudi jana yake kutoka Nainokanoka, ambako alilala hema siku tatu karibu na maboma ya wafugaji. Alikuwa amejifunga shuka mbili nzito nyekundu na juu yake blanketi la miraba. Shingoni alikuwa na shanga na miguuni katambuga mpya. Mama alimtazama kutoka chini mpaka juu.

"Huyu ana akili," alisema. "Huyu kajua anakuja wapi."

Yule bibi naye alikuwa anamtazama mama. Alikuja mezani kwetu, akasalimia "Jambo" kwa sauti kubwa, akaniambia kwa Kiingereza kwamba angependa sana kupiga picha na mama. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mama hana nguo zake za asili hapo karibu anazoweza kubadili.

Suti ile niliitafuta Arusha maduka manne.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Anaomba picha."

"Mwambie sawa. Mwambie mimi naomba blanketi."

Nikamgeukia yule bibi, nikamwambia kwa Kiingereza changu bora kwamba mama anashukuru sana na anamkaribisha Karatu. Mama hakujua Kiingereza, lakini alijua kuhesabu pumzi.

"Umesema maneno mengi," aliniambia. "Blanketi ni neno moja."

Akasimama. Akalishika blanketi la yule bibi kati ya vidole viwili, kama anavyopima nguo mnadani, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akavua koti lake la waridi akamnyooshea. Yule bibi alimtazama, akalitazama koti, akacheka mpaka akashika meza, akaanza kujifungua. Walibadilishana palepale, katikati ya branchi, mayai yakipoa. Koti lilimkaa yule bibi vizuri kuliko lilivyowahi kumkaa mama. Mabega yalipata mwenyewe.

Meneja alitoka ofisini wakati huohuo. Alimwona mgeni wake amevaa koti la waridi juu ya shuka za kimorani, na mama yangu amejifunga blanketi mpaka masikioni, amevua viatu na kuviweka juu ya kiti, wote wawili wameshikana mikono. Yule bibi alinikabidhi kamera. Nikapiga. Aliniomba nirudi nyuma kidogo, taa ilikuwa inaingiza kivuli changu kwenye picha.

Baadaye ukungu ulipasuka. Mama alitoka nje peku, akakaa kwenye ukuta mfupi wa mawe, akatazama chini kwenye kreta kwa muda mrefu. Nilikaa karibu naye nikiwa nimenuna.

"Ng'ombe wa nani wale?"

"Nyati, mama."

"Wanene," alisema. "Nani anawachunga?"

"Hakuna."

"Na anayechunga ng'ombe wake anafukuzwa asiingie kwenye malisho hayo." Alifikiri kidogo. "Basi ndiyo maana wanene."

Tulirudi Karatu na pikapu ileile, saa tisa. Safari hii alikataa kukaa mbele. Alisema amechoka kukaa kama mgonjwa. Tulikaa wote nyuma juu ya magunia matupu, akanifunika nusu ya blanketi. Nilimgeuzia mgongo mpaka geti la hifadhi.

Jumatatu meneja aliniita. Hakufoka. Alinisomea tangazo jipya nilipige chapa nakala tatu: ruhusa ya ndugu imesitishwa, ili wageni wasisumbuliwe. Nilipiga bila kosa hata moja. Moja niliibandika mlango wa jikoni, na wapishi waliokuwa wamewaandaa mama zao kwa Jumapili zilizofuata hawakunisalimia wiki nzima. Jumapili iliyofuata watalii walikuwa wanne. Branchi ya Springi ilikufa kabla ya mwezi wa sita kwisha, na theluji, kwa kadiri ninavyojua, haijayeyuka popote Karatu mpaka leo.

Nilikaa miezi bila kwenda Buger, nikisingizia kazi. Nilipokwenda, nilikuta sketi ya waridi amepewa mke wa katekista, aliyeivaa kanisani kila Jumapili na sweta la kijani. Viatu viko kwa nani sikuuliza. Mama alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nilikaa nikachukua hindi moja, nikajikaza nikamuuliza kama siku ile aliifurahia hata kidogo, au nilimtesa tu.

Alishangaa swali lenyewe.

"Niliifurahia sana," alisema. "Mayai mazuri. Dereva mtu mzuri, na yule kijana wa sukari, na yule bibi. Hata bosi wako si mbaya, baridi tu imemwingia kichwani." Akatupa gunzi kwenye rundo, akachukua hindi jingine. "Mgumu ulikuwa wewe."